Bona fide: jinsi ya kulielewa na kulitumia hili neno kabla hujanunua shamba la mikorosho

Msimu wa korosho ukikaribia tu migogoro ya mashamba huku kwetu Mtwara na Lindi inafumuka, shamba ambalo mwezi wa tatu hakuna anayelitazama, mwezi wa kumi lina wenyewe watatu. Na kwenye hiyo migogoro kuna neno moja la Kilatini watu wanalishika kama hirizi, bona fide. Mtu kanunua shamba Tandahimba au Ruangwa huko, kaja mwingine anasema hili la kwetu, basi kijiweni anaambiwa "we kasema tu wewe ni mnunuzi bona fide, watakuachia". Anakwenda barazani, analitamka vizuri kabisa, anaulizwa maswali matatu manne, kesi imeisha. Inaniuma kwa sababu wengi wao kweli hawakuwa na ubaya wowote, walilijua neno ila hawakujua linataka nini. Kwa hiyo leo nalieleza lote, maana yake, matumizi yake, na kubwa zaidi mambo ya kufanya ili siku ukilisema liwe na nguvu.

Bona fide ni maneno mawili, bona ni njema na fide inatokana na fides, yaani imani au uaminifu, kwa pamoja ni "kwa nia njema". Andika mbali mbali, usiunge "bonafide". Mawakili wetu wengi wanatamka bona faidi kwa mtindo wa Kiingereza, ukitamka kama lilivyoandikwa hujakosea pia kwa hiyo asikutishe mtu. Kwenye sheria linatumika kama kivumishi, ukiwa unaandika Kiswahili liweke nyuma ya jina na halibadiliki, mnunuzi bona fide, wanunuzi bona fide, dai bona fide. Likiwa na s mwishoni, bona fides, hapo sio wingi, ni jina la hiyo nia njema yenyewe, unaweza kusikia wakili anasema "bona fides ya mnunuzi huyu ina mashaka". Kinyume chake ni mala fide, kwa nia mbaya. Na tangu yale marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, ukiandika "mnunuzi wa nia njema" inatosha kabisa, huna sababu ya kuhangaika na Kilatini kama hukiwezi, uzito ni ule ule.

Utaliona pia kwenye barua za vyuo, kwamba fulani ni mwanafunzi bona fide wa chuo chetu, pale wanamaanisha tu kwamba ni mwanafunzi wa kweli sio wa kughushi. Hayo matumizi ni mepesi hayana shida. Shida iko kwenye ardhi.

Sasa hapa ndo pa kutulia. Watu wanachanganya bona fide na halali. Halali ni habari ya kitu chenyewe, mkataba umefuata sheria au haukufuata, muuzaji alikuwa na haki ya kuuza au hakuwa nayo. Bona fide ni habari ya wewe mnunuzi, ulijua nini siku unatoa hela, na ulitakiwa ujue nini. Unaweza ukawa na roho safi kabisa na mauzo yakawa batili. Na mwingine mkataba wake una mihuri kila kona ila yeye mwenyewe alijua kabisa shamba lina mgogoro, huyo sio bona fide hata kidogo.

Kwenye mahakama zetu mnunuzi bona fide ni mtu aliyenunua kwa uaminifu, kwa thamani, akiamini anapata umiliki safi na hakuwa na sababu ya kudhani vingine. Tazama hilo neno "kwa thamani". Kama shamba ulipewa na baba mdogo zawadi, au umerithi, hiyo ngao sio yako, utatafuta utetezi mwingine. Halafu tazama "hakuwa na sababu ya kudhani vingine", hapo ndipo watu wanapoangukia, kwa sababu mahakama haiishii kukuuliza ulijua nini, inakuuliza pia ulifanya nini ili ujue. Ukifumba macho makusudi unahesabika umeona.

Maswali yenyewe huwa yanakwenda namna hii, na naomba uyasome taratibu kama vile unaulizwa wewe.

"Siku unakwenda kuliona shamba ulikwenda na nani?"
"Na muuzaji mheshimiwa."
"Majirani waliopakana na shamba walikuwepo?"
"Hapana, muuzaji alisema wamekwenda msibani."
"Ulirudi siku nyingine kuwaona?"
"Hapana."
"Muuzaji alikwambia shamba kalipataje?"
"Alisema la marehemu mama yake."
"Ulimuuliza kama mirathi imefunguliwa?"
Kimya.

Hapo hakuna mtu aliyemwita huyu mnunuzi tapeli, na inawezekana kabisa ni mtu mwema. Ila anapojiita bona fide anasema "sikuwa na sababu ya kushtuka", wakati neno "marehemu" peke yake lilikuwa sababu tosha. Mali ya marehemu anaiuza msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, sio mtoto mkubwa, sio mjane peke yake, sio kaka wa marehemu hata ukoo mzima ukimpigia makofi. Huku vijijini mirathi nyingi zinafunguliwa Mahakama ya Mwanzo, na msimamizi anapewa fomu ya uteuzi, ile fomu namba 4. Omba uione, chukua nakala, kisha nenda mahakama hiyo hiyo ukaulize kama ni yenyewe na kama hajaondolewa. Ni safari ya asubuhi moja tu.

Na sisi watu wa kusini tuna letu la ziada. Wamakonde, Wamwera, Wayao, asili yetu ukoo ulikuwa unafuata kwa mama, mjomba ana sauti. Sheria inaweza isimtaje kabisa mjomba kwenye mkataba wako lakini mgogoro ukija mara nyingi unatokea upande huo, watoto wa dada wanasema hili shamba ni la bibi yetu, alipewa baba yenu alime tu. Kwa hiyo ukiuliza shamba usiishie kwa mke na watoto wa muuzaji, uliza upande wa mama zake wako wapi na wanasemaje. Mzee mmoja wa makamo pale kijijini atakwambia historia yote, nani alipanda ile mikorosho ya kwanza, nani alihamia lini. Mwendee kwa heshima, "shikamoo babu, nataka kununua hapa kwa fulani, naomba unijulie historia yake", na akikwambia jambo liandike na tarehe. Hilo karatasi siku moja litakuwa ushahidi kwamba ulitafuta.

Mikorosho yenyewe inasema pia ukiwa na macho. Nenda shambani mara mbili kama unaweza, wakati wa kupiga salfa na wakati wa kuokota. Nani anapulizia? Nani kainama chini ya mkorosho na ndoo anaokota? Kama muuzaji anakwambia shamba ni langu halafu unamkuta mama mwingine na wanae wanaokota, usimalizane na maelezo ya "nimemkodisha", mwendee huyo mama umuulize mwenyewe. Inawezekana kweli kakodishwa, inawezekana aliwekewa rehani kwa misimu kadhaa na deni halijaisha, inawezekana ni mke wa zamani. Hii ya rehani angalia sana, mtu anaweka mikorosho yake rehani akipata shida, mwenye hela anaokota mpaka deni liishe, baadae huyo mwenye hela anauza shamba kama lake. Na wengine wanauziana mikorosho tu bila ardhi, au ndivyo mmoja alivyoelewa. Kwa hiyo mkataba wako uandike wazi wazi, nimenunua ardhi pamoja na mikorosho iliyomo, idadi yake, na mipaka yake kwa majina ya majirani wa kila upande.

Pita na chama cha msingi cha ushirika wa wakulima pia, AMCOS, ujue korosho za shamba hilo zinauzwa kwa jina la nani na nani kaandikishwa kupata pembejeo za ruzuku. Hiyo haimfanyi mtu kuwa mmiliki, tusidanganyane, ila jina likiwa tofauti na la muuzaji tayari una swali la kumuuliza, na ukinyamaza nalo umepoteza bona fide yako hapo hapo.

Kuhusu mwenza, hapa sheria haijaacha kwa hisani yako. Sheria ya Ardhi inamtaka mnunuzi aulize kama mwenza wa muuzaji karidhia. Ni wajibu wako wewe. Muuzaji akikudanganya kwamba hana mke, mauzo yanaweza kutenguliwa mke akiamua hivyo. Na wengi wetu huku tunaoa zaidi ya mmoja, uliza wote, wasaini au waweke dole gumba mbele ya mashahidi.

Halafu kijiji. Ardhi nyingi tunayouziana huku ni ardhi ya kijiji na hapo bona fide inafika mahali inagonga ukuta. Mahakama ya Rufani ilishasema tangu mwaka 1985 kwamba kuuziana ardhi ya kijiji bila idhini ya halmashauri ya kijiji ni batili, na hiyo idhini inatakiwa mpaka leo chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Batili maana yake hakuna kilichohama. Hata uwe na nia nyeupe kama pamba hakuna cha kulindwa kwa sababu hakuna ulichopata. Na idhini sio muhuri wa mwenyekiti peke yake uliogongwa nyumbani kwake jioni, ni uamuzi wa halmashauri kwenye kikao, kuna muhtasari, kuna mahudhurio. Omba nakala ya muhtasari. Mtendaji akikwambia "usijali mdogo wangu tutaandika baadae", subiri hiyo baadae ndo utoe hela.

Kwa viwanja vya mjini, Mtwara, Mikindani, Lindi, Masasi, kama kina hati kazi ni nyepesi zaidi, nenda ofisi ya ardhi ufanye upekuzi, wengi wanaita sachi, ujue jina lililoandikishwa, kama kuna mkopo wa benki juu yake, kama kuna zuio. Kipindi kile cha matumaini ya gesi asilia huku kusini watu walinunua viwanja kwa picha na maneno ya dalali, na baadhi ya kesi za kipindi hicho ukizisikiliza hamna kitu kingine zaidi ya upekuzi ambao haukufanyika.

Mnada wa benki nao una utaratibu wake, Sheria ya Ardhi inamlinda aliyenunua kwenye mauzo ya mkopeshaji, mkopaji kama kaonewa anamdai fidia mkopeshaji, shamba linabaki kwa mnunuzi. Ila ulinzi huo haumhusu aliyejua kuna utapeli. Angalia angalau kama tangazo la mnada lilitolewa siku 14 kabla, na kama bei uliyopata ni ya kawaida au ni ya kukushtua.

Sasa tutoke kwenye ardhi kidogo maana watu wanalipeleka neno hili mpaka kwenye pikipiki na simu. Kanuni ya msingi, na hii nayo ina Kilatini chake, nemo dat quod non habet, hakuna anayetoa asichonacho. Mwizi hana umiliki, kwa hiyo hawezi kukupa. Ukinunua pikipiki ya wizi kwa nia njema kabisa mwenyewe akijitokeza anaichukua, wewe unabaki kumtafuta aliyekuuzia. Hata Warumi wenyewe wenye hili neno walikuwa hivyo, mtu aliyeshika kitu kwa nia njema aliweza kukimiliki baada ya mwaka mmoja, ardhi miaka miwili, lakini kitu cha wizi kiliondolewa kabisa kwenye kanuni hiyo. Kinachosaidiwa na nia njema hapa ni mwili wako, kosa la kupokea mali ya wizi linataka mtu awe alijua au alikuwa na sababu ya kujua. Kwa hiyo risiti, kadi ya pikipiki, nakala ya kitambulisho cha muuzaji, hivyo vinakuokoa wewe na jela, pikipiki usiihesabie.

Na wale wa kangomba, yaani wanaonunua korosho kwa wakulima nje ya utaratibu, naomba tusikilizane. Mtu ananunua korosho usiku kwa kipimo cha bakuli, akikamatwa anasema alinunua kwa nia njema kwa mkulima mwenye shida. Utaratibu wa kuuza kupitia chama na mnada wa stakabadhi ghalani unajulikana na kila mtu kuanzia Kilwa mpaka Nanyumbu, na nia njema haikai kwenye jambo ambalo ulijua limekatazwa.

Kuna matumizi mengine ya neno hili ambayo wengi hawayajui na yanafaa sana kwetu. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 9, inazungumzia dai la haki la nia njema, yaani mtu hana hatia kwa kosa linalohusu mali kama alichofanya alikifanya akiwa anadai kwa uaminifu kwamba ni haki yake, bila nia ya kulaghai. Chukua mfano, ndugu wawili wanagombea shamba la marehemu mama yao, mmoja anaingia anaokota korosho, mwenzie anakimbilia polisi, jamaa anashtakiwa kwa wizi. Kama kweli anaamini shamba ni lake na ana msingi wa kuamini hivyo, huo utetezi ni wake, na mara nyingi mahakama inasema nendeni kwanza mkaamue umiliki kwenye baraza la ardhi. Hapa huhitaji hata kuwa umethibitika mmiliki, inatosha dai lako liwe la kweli moyoni na lenye mguu wa kusimamia. Ila ukiwa tayari umeshindwa kesi ya umiliki na hukumu unayo mkononi, ukirudi kuokota usiku usilitaje tena hilo neno.

Turudi kwenye kuandika. Ukishtakiwa na unataka kujitetea kama mnunuzi wa nia njema usiandike kwenye majibu "mimi ni bona fide" ukaishia hapo, hiyo ni hitimisho na kazi ya kuhitimisha ni ya hakimu. Andika matendo. Mfano mzuri uko hivi, mjibu maombi wa kwanza ni wewe mnunuzi na wa pili ni aliyekuuzia: "Kwamba mjibu maombi wa kwanza alinunua shamba lenye mikorosho 60 kwa thamani kamili kutoka kwa mjibu maombi wa pili, baada ya kukagua mipaka mbele ya majirani wote wanne, kupata ridhaa ya mke wa muuzaji kwa maandishi na idhini ya halmashauri ya kijiji kama inavyoonekana kwenye muhtasari ulioambatanishwa, na kwamba hadi anakamilisha malipo hakuna mtu yeyote aliyejitokeza kudai shamba hilo." Umeona, neno lenyewe halijatajwa lakini limejaa. Na hiyo "hadi anakamilisha malipo" sijaiweka kwa urembo. Ukiwa unalipa kwa awamu na katikati ukasikia kuna anayedai, simamisha malipo, ita kikao, kwa sababu awamu utakayolipa baada ya kusikia ni ngumu sana kuitetea kwamba ulikuwa hujui.

Na aliyekuuzia lazima awemo kwenye kesi. Mahakama Kuu tangu 1983 ilishaeleza kwamba kesi ya kudai ardhi iliyouzwa kwa mtu wa tatu inatakiwa iwahusishe muuzaji na mnunuzi wote. Kama mlalamikaji kakushtaki peke yako, omba muuzaji aunganishwe mapema kabisa, maana ukipoteza shamba yeye ndo wa kukurudishia hela zako na fidia, na akiwa ndani ya kesi hawezi kusema hajui kitu. Kwa hiyo siku ya kununua chukua nakala ya kitambulisho chake, namba za simu mbili tatu, jina la kitongoji chake na mtu wa karibu anayemfahamu, sio saini tu ya kuparaza.

Kama umeshanunua na mgogoro umeshaanza, usikate mkorosho hata mmoja, usipande kipya, usiuze kwa mwingine haraka haraka, hayo yote yanasomeka kama mtu anayekimbia. Kusanya karatasi zako, zungumza na majirani wakiwa bado wanakumbuka. Mgogoro unaanzia baraza la kata kwa usuluhishi, siku hizi kata haitoi hukumu inapatanisha tu, siku 30 zikipita bila mwafaka mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na asiyeridhika anakata rufaa Mahakama Kuu, kwa huku kwetu ni Kanda ya Mtwara. Mwenye kudai ardhi ana miaka 12 ya kufungua shauri tangu haki yake ilipovunjwa, kwa hiyo mtu akikuacha ulime mwaka wa kwanza na wa pili usidhani kakubali. Karatasi za shamba zitunze kwenye mfuko wa nailoni mahali mchwa hawafiki, na nakala moja mwachie ndugu anayekaa nyumba nyingine.